Saa za Mwanafunzi ni za Nani? Mwaka 1923 katika Historia ya Shule za Uuguzi za Vyuo Vikuu

0. Utangulizi

Katika Kiswahili, kuuguza ni kazi ya nyumbani kabla ya kuwa kazi ya hospitali. Mtu husema kwamba anamuuguza mama yake, wala hakuna anayemwuliza kazi hiyo ameisomea wapi. Kitenzi hiki kimenyambuliwa kutoka -ugua, yaani kuwa mgonjwa. Basi muuguzi ametajwa kwa hali ya yule anayemhudumia, si kwa ujuzi wake mwenyewe. Kifaransa kimefanya vivyo hivyo: infirmier ni mtu wa infirme, mtu wa aliye dhaifu. Kiingereza kimepita njia nyingine, kwani jina la muuguzi katika lugha hiyo chanzo chake ni kitenzi cha Kilatini nutrire, kulisha, na zamani lilimtaja mwanamke aliyenyonyesha mtoto wa mwenzake. Katika lugha zote tatu hakuna hata dalili ya shule. Mganga ana bahati zaidi: shina -ganga linataja kitendo chake mwenyewe, na huku kwetu Kongo munganga wa hospitali, awe daktari au awe muuguzi wa zahanati, bado analibeba jina hilo.

Hatukusudii kuwachosha wasomaji kwa asili za maneno. Tumeanza hapo kwa sababu historia tunayotaka kuieleza ni ya kazi ambayo kwa muda mrefu watu walidhani haihitaji kusomewa, au ikihitaji, basi inasomwa kwa kuifanya tu. Mwaka 1923 dhana hiyo ilipata pigo kubwa nchini Marekani. Katika mwaka huo ilichapishwa ripoti iliyoeleza waziwazi jinsi wauguzi walivyokuwa wakifunzwa, na katika mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, kilianzisha shule ya uuguzi yenye mkuu wake, walimu wake na bajeti yake. Wanahistoria wa uuguzi wameuandika sana mwaka huo kama mwaka wa shahada. Sisi tunaona kwamba shahada haikuwa kiini cha jambo. Kiini kilikuwa swali la kawaida kabisa, ambalo hata karani wa hospitali angeweza kuliuliza: saa za mwanafunzi ni mali ya nani, ya hospitali au ya shule?

1. Hospitali iliyohitaji shule

Shule ya uuguzi iliyoigwa na nyingine zote ni ile ya hospitali ya St Thomas, London, iliyofunguliwa mwaka 1860 kwa jina la Florence Nightingale. Jambo moja la shule hiyo husahauliwa: ilikuwa na fedha zake. Baada ya vita vya Crimea wananchi wa Uingereza walichanga zaidi ya pauni 40,000 kwa heshima ya Nightingale, na mfuko huo ndio uliogharimia shule. Wanafunzi walifanya kazi wodini, naam, tena kazi nyingi. Lakini aliyewalipia masomo hakuwa hospitali peke yake, na kwa hiyo hospitali haikuwa na kauli ya mwisho juu yao.

Mfano huo ulipovuka bahari, mfuko haukuvuka nao. Mwaka 1873 zilifunguliwa Marekani shule tatu kwa kufuata mtindo wa Nightingale: ya Bellevue mjini New York, ya Connecticut mjini New Haven, na ya Boston. Shule ya New Haven ilijulikana mapema, kwani mwaka 1879 ilitoa kitabu cha mwongozo wa uuguzi kilichokusudiwa kusomwa na familia pia. Zote tatu zilianzishwa na watu wenye nia njema, wengi wao wanawake wa kamati za hisani waliokuwa wamezitembelea hospitali na kutishika kwa uchafu walioukuta. Hatuna sababu ya kuwadharau. Wagonjwa walianza kulala katika mashuka safi, na maelfu ya wasichana walipata kazi ya heshima wakati kazi za namna hiyo zilikuwa chache mno kwao.

Lakini shule zisizo na mfuko zilihitaji kujilipia, na hapo ndipo hesabu ilipoingia. Hospitali yenye shule haikulazimika kuajiri wauguzi. Ilimwajiri msimamizi mmoja na wasaidizi wake wachache. Kazi nyingine yote, mchana na usiku, ilifanywa na wanafunzi, ambao walipewa chakula, malazi, sare na posho ndogo. Shule kadhaa ziliwatuma hata kwenye nyumba za matajiri kuwauguza wagonjwa, na malipo yakaingia katika sanduku la shule. Msichana akimaliza na kupewa cheti chake, hospitali haikuwa na nafasi ya kumwajiri. Alikwenda kujitafutia riziki katika nyumba za watu binafsi, na kitanda chake katika bweni kikachukuliwa na mgeni. Aliyehitimu alikuwa gharama, aliyeingia alikuwa faida. Mtu akiielewa sentensi hiyo hatashangaa kusikia kwamba shule tatu za mwaka 1873 zilikuwa zimefika zaidi ya 1,500 ilipofika mwaka 1920, nyingine katika hospitali ndogo sana ambazo hazikuwa na mwalimu hata mmoja wa kudumu.

Kiswahili kina maneno mawili yanayotusaidia hapa. Anayejifunza ufundi kwa kumtumikia fundi ni mwanagenzi. Anayejifunza kwa kufundishwa ni mwanafunzi. Mwanagenzi hulipa ada yake kwa jasho, na fundi mwema humlipa kwa kumpa siri za kazi. Ni mapatano ya haki ikiwa fundi yupo na ana nafasi ya kufundisha. Katika wodi za Marekani fundi mara nyingi hakuwepo: mwanagenzi wa mwaka wa pili ndiye aliyemwonyesha wa mwaka wa kwanza. Mihadhara ilitolewa jioni, na madaktari waliojitolea, mbele ya wasichana waliokuwa wamesimama tangu alfajiri. Wodi ikizidiwa na wagonjwa, muhadhara uliahirishwa. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba wodi imeahirishwa kwa ajili ya muhadhara. Muda wa mafunzo ulipoongezwa kutoka miaka miwili hadi mitatu, wapo waliosema kwamba mwaka wa tatu uliongezwa kwa faida ya hospitali zaidi kuliko ya elimu, na sisi tunaona walisema kweli.

2. Waliohesabu saa

Malalamiko ya wauguzi wenyewe hayakukosekana. Mary Adelaide Nutting, ambaye mwaka 1907 alikuwa muuguzi wa kwanza duniani kupewa uprofesa, katika Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, alitoa mwaka 1912 uchunguzi juu ya hali ya elimu ya uuguzi. Ulichapishwa na idara ya elimu ya serikali ya Marekani, na ndani yake saa ndefu za wanafunzi zilionyeshwa kwa takwimu. Ulisomwa, ukasifiwa, ukawekwa kabatini. Waliosoma walikubaliana nao. Wenye fedha hawakuwa miongoni mwao.

Jambo lilisogea kwanza mahali pasipotazamiwa, yaani katika sheria ya kazi. Mwaka 1913 jimbo la California liliipanua sheria yake ya saa nane za kazi kwa wanawake ili iwahusu wanafunzi wauguzi katika hospitali. Wauguzi waliokwisha kuhitimu hawakuhusishwa. Hospitali ilikwenda mahakamani, na mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani ikaiacha sheria isimame. Tazama ajabu yake: bunge la jimbo lilimtambua mwanafunzi muuguzi kuwa mfanyakazi miaka mingi kabla chuo kikuu hakijamtambua kuwa mwanafunzi. Viongozi kadhaa wa uuguzi hawakuifurahia sheria hiyo. Waliona aibu kazi yao kuwekwa safu moja na kazi ya kiwandani. Tunaielewa aibu yao, ila tunadhani sheria ilikuwa imeona vizuri kuliko wao.

Aliyeunganisha njia hizi mbili, ya elimu na ya saa za kazi, hakuwa muuguzi. Ni Josephine Goldmark. Mwanamke huyu alikuwa amejulikana katika kesi ya madobi. Jimbo la Oregon lilikuwa limepitisha sheria kwamba mwanamke asifanye kazi zaidi ya saa kumi kwa siku katika viwanda na nyumba za kufulia nguo. Mwenye nyumba moja ya kufulia mjini Portland akaipinga, na kesi ikafika Mahakama Kuu mwaka 1908. Wakili wa upande wa jimbo alikuwa Louis Brandeis, shemeji yake Goldmark. Hati aliyoiwasilisha ilizidi kurasa mia moja, na sehemu ya sheria ndani yake ilikuwa kurasa chache tu. Nyingine zote zilijaa ushahidi wa madaktari, wakaguzi wa viwanda na wachunguzi wa nchi mbalimbali juu ya madhara ya uchovu. Ushahidi huo ulikusanywa na Goldmark na wenzake. Jimbo lilishinda. Mwaka 1912 Goldmark akatoa kitabu kizima juu ya uchovu na tija ya kazi.

Huyu ndiye aliyepewa kazi ya kuchunguza elimu ya wauguzi. Mwishoni mwa mwaka 1918, vita vikiwa vimemalizika na mafua makubwa yakiwa bado yanaua, Wakfu wa Rockefeller uliitisha mkutano juu ya upungufu wa wauguzi wa afya ya jamii. Kamati iliundwa, mwenyekiti wake akiwa C.-E. A. Winslow, profesa wa afya ya jamii wa Yale, na Goldmark akawa katibu na mchunguzi wake. Mwanzoni kamati ilitaka kujua tu namna ya kuwaandaa wauguzi wa kutembelea watu majumbani. Mwaka 1920 iligundua kwamba haiwezi kulijibu swali hilo bila kuichunguza shule ya hospitali yenyewe. Ripoti ikatoka mwaka 1923.

Nguvu ya ripoti hiyo inatokana na mkono ulioiandika. Mtu wa saluni angeandika juu ya wito na huruma. Goldmark aliingia wodini kama alivyoingia katika nyumba za kufulia nguo: aliangalia nani anafanya nini, kwa muda gani, na kazi hiyo inamfunza nini. Kutandika kitanda ni somo; lakini ni somo la wiki chache. Kufua, kusugua, kukunja nguo, kubeba sinia za chakula, kupanga vyombo, ni mambo ambayo msichana alikwisha kuyajua kabla hajaja, na hata hivyo yalijaza miezi yake. Mwingine aliweza kukaa muda mrefu kupita kiasi katika wodi ya upasuaji kwa kuwa ndiyo iliyohitaji mikono, na akapewa cheti bila kuwahudumia watoto vya kutosha.

Mapendekezo yalifuata kutoka katika hesabu hiyo. Kazi isiyofundisha ifanywe na watu walioajiriwa kwa ajili yake. Mwanafunzi asizidi saa nane kwa siku. Aingie akiwa amemaliza shule ya sekondari. Yakiondolewa marudio yasiyo na faida, mafunzo ya msingi yataweza kumalizika kwa miezi 28 badala ya miaka mitatu. Pia wawepo wasaidizi wa daraja la chini, watambuliwe na sheria. Na shule ziwe na fedha zao wenyewe, nyingine ziwekwe ndani ya vyuo vikuu, ili viongozi wa elimu ya uuguzi wapatikane huko. Miezi 28 badala ya 36: kwa maneno mengine, kamati ilikuwa imekadiria kwamba robo pungufu kidogo ya muda wa mwanafunzi haikuwa ya mwanafunzi.

3. New Haven

Safari hii fedha zilikuwepo, na hiyo ndiyo tofauti kati ya mwaka 1912 na mwaka 1923. Wakfu wa Rockefeller ulikubali kugharimia kwa miaka mitano jaribio la shule iliyojengwa juu ya mapendekezo hayo, na Yale, alikofundisha Winslow, ikachaguliwa. Mwaka uleule mjini Cleveland, Frances Payne Bolton alitoa dola 500,000 kwa shule ya uuguzi ya Chuo Kikuu cha Western Reserve. Huko hatutakwenda, ijapokuwa habari yake inastahili makala yake.

Mkuu wa shule mpya alikuwa Annie Warburton Goodrich, aliyezaliwa mwaka 1866. Mtu huyu alikuwa ameiona shule ya hospitali kutoka kila upande. Alihitimu katika hospitali ya New York mwaka 1892, akasimamia shule kadhaa za hospitali, kisha akawa mkaguzi wa shule za uuguzi wa jimbo la New York, akafundisha Teachers College, akaongoza wauguzi wa kutembelea maskini wa Henry Street, na mwaka 1918 akaanzisha Shule ya Uuguzi ya Jeshi. Yale ilimpa cheo cha mkuu wa kitivo, na hakuna mwanamke aliyekuwa amekishika cheo hicho katika chuo hicho kabla yake. Hapa panafaa kukumbushwa kwamba chuo cha shahada ya kwanza cha Yale hakikuwapokea wanafunzi wa kike mpaka mwaka 1969. Goodrich alikaa katika baraza la wakuu la chuo ambacho binti yake, kama angekuwa naye, asingeruhusiwa kuingia darasa la kwanza.

Shule hiyo ilikuwa na nini ambacho nyingine hazikuwa nacho? Chuo kikuu chenye uuguzi hakikuwa jambo geni kabisa. Chuo Kikuu cha Minnesota kilikuwa na shule ya uuguzi tangu mwaka 1909, na Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada kilianza shahada ya uuguzi mwaka 1919. Kwa hiyo neno „kwanza“, ambalo vyuo hupenda kuligombania, litumiwe kwa uangalifu. Huko Minnesota shule ilikuwa chini ya kitivo cha utabibu na wanafunzi waliendelea kuzitumikia wodi kama wenzao wa hospitali nyingine. Jambo jipya la New Haven ni kwamba shule ilisimama yenyewe, ikiwa na bajeti yake, na mpango wake uliandikwa kwa kuanza na elimu, si kwa kuanza na mahitaji ya wodi. Wodi za hospitali ya New Haven zilibaki kuwa mahali pa kujifunzia, kama maabara ilivyo kwa mwanafunzi wa kemia. Maabara haimdai mwanafunzi kuioshea sakafu mpaka usiku.

Mabadiliko hayo yanaonekana zaidi katika namna ya kugawa kazi. Katika wodi ya kawaida kazi iligawanywa kwa vitendo: huyu apime joto la wote, yule awaogeshe wote, mwingine agawe dawa kwa wote. Ni mgawanyo mzuri kwa anayetaka kazi iishe. Yale mwanafunzi alikabidhiwa mgonjwa. Alitakiwa ajue ugonjwa wake, nyumba yake, kazi yake, kilichomleta na kitakachompata akirudi kwao. Na somo lilijengwa juu ya mgonjwa huyo. Afya ya jamii na afya ya akili hazikuachwa mpaka baada ya kuhitimu, bali ziliingia katika mafunzo yenyewe. Effie Taylor, mmoja wa walimu wa mwanzo, alikuwa mwaka 1926 profesa wa uuguzi wa magonjwa ya akili, cheo ambacho hakikuwepo kabla yake, na mwaka 1934 alimrithi Goodrich. Mwalimu mwingine, Bertha Harmer, alikuwa ametoa mwaka 1922 kitabu cha kiada cha uuguzi ambacho baadaye kilirekebishwa na Virginia Henderson na kuenea katika nchi nyingi. Henderson naye alikuwa mhitimu wa ile shule ya jeshi ya Goodrich, na mwaka 1953 alijiunga na Yale.

Mafunzo yalichukua miezi 28, kama ripoti ilivyotaka, na darasa la kwanza lilihitimu mwaka 1926. Mwaka huo shule ya zamani ya Connecticut, ile ya mwaka 1873, ilifunga milango yake. Mwaka 1929 Wakfu wa Rockefeller uliipa shule ya Yale mfuko wa kudumu wa dola milioni moja. Kama wakati wa michango ya Crimea, shule ya uuguzi ilirudi katika hali ambayo Nightingale aliianza nayo: fedha ambazo hazikutoka mikononi mwa mwanafunzi. Kuanzia mwaka 1934 aliyetaka kuingia alitakiwa awe tayari na shahada ya kwanza.

4. Yaliyobaki nje

Tusije tukadhani kwamba Marekani yote iliamka siku moja. Shule ya Yale ilikuwa ndogo, na shule za hospitali ziliendelea kuhesabiwa kwa mamia. Kilichoziangusha nyingi hakikuwa ripoti. Ni mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929: familia hazikuweza tena kumlipa muuguzi wa nyumbani, wahitimu wakakosa kazi, hospitali zikagundua kwamba mhitimu mwenye njaa anaweza kuajiriwa kwa ujira mdogo, na shule nyingi ndogo zikafungwa kwa kuwa faida yake imekwisha. Mahali ambapo hoja ilishindwa, bei ilishinda. Na mwaka 1948, robo karne baada ya Goldmark, Esther Lucile Brown alilazimika kuandika ripoti nyingine iliyosema tena kwamba mahali pa elimu ya muuguzi ni katika taasisi za elimu ya juu.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Wauguzi weusi wa Marekani, ambao walikuwa na chama chao tangu mwaka 1908 kwa sababu milango mingi ya chama kikuu ilifungwa kwao, hawakupewa nafasi katika hesabu ya mwaka 1923. Mwaka 1925 Wakfu wa Rockefeller ulimtuma Ethel Johns kuchunguza hali yao. Uchaguzi huo una maana, kwani Johns alikuwa ndiye aliyeiongoza idara ya British Columbia ilipoanza shahada yake. Alijua shule njema inafananaje. Alitembea, akaona shule walizoachiwa wasichana weusi na vizuizi walivyowekewa waliohitimu, akaandika. Ripoti ya Goldmark ilichapishwa na kujengewa shule. Ripoti ya Johns haikuchapishwa. Chama kikuu na chama cha wauguzi weusi viliungana mwaka 1951. Msomaji atakayeusifu mwaka 1923 na azisome ripoti zote mbili pamoja: ya kwanza iliuliza saa za mwanafunzi ni za nani, ya pili iliuliza mwanafunzi ni nani.

5. Kisantu na baada yake

Mwaka 1926, darasa la kwanza la Yale lilipokuwa linahitimu, Chuo Kikuu cha Louvain kilianzisha FOMULAC, wakfu wake wa utabibu nchini Kongo, na kuuweka Kisantu. Baadaye ulikuwa pia na hospitali ya Katana huko Kivu. Kwa hiyo nchi yetu nayo ilipata mapema mafunzo ya uuguzi yaliyofungamana na chuo kikuu. Lakini ni lazima tuseme yalifungamana namna gani. Chuo kikuu kilikuwa Ubelgiji. Hospitali ilikuwa hapa. Kijana wa Kisantu alifundishwa na watu wa Louvain bila yeye kuwa mwanafunzi wa Louvain, na cheti chake hakikuwa ngazi ya kupandia kwenda huko.

Tofauti nyingine humshangaza mgeni: muuguzi wetu wa enzi ya ukoloni alikuwa mwanamume. New Haven walipigania heshima ya kazi iliyodharauliwa kwa kuwa ni ya wanawake. Kwetu infirmier alikuwa mtu wa koti jeupe, miongoni mwa wachache waliojua kusoma na kuandika, na kijiji kilimwita munganga bila kusita. Heshima alikuwa nayo. Alichokosa ni njia ya kuendelea. Katika miaka ya 1930 ilianzishwa daraja ya assistant médical, ambaye alifanya sehemu kubwa ya kazi ya daktari bila cheo wala mshahara wa daktari. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, na tarehe 30 Juni 1960 nchi ilijitawala bila kuwa na Mkongo hata mmoja aliyehitimu udaktari katika chuo kikuu. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipokuja kuziba pengo, moja ya hatua zao za kwanza ilikuwa kuwapeleka hao assistants médicaux Ulaya, hasa Ufaransa, wamalizie masomo. Waliyamaliza kwa miaka michache, jambo linaloonyesha ni kiasi gani cha udaktari walikuwa nacho tayari.

Tangu hapo elimu ya uuguzi nchini imekuwa na nyumba mbili. Shule za ITM, zinazotoa wauguzi wa A2, ni za ngazi ya sekondari na zimekuwa chini ya Wizara ya Afya. Vyuo vya ISTM, vinavyotoa A1 na shahada za juu, viko chini ya wizara ya elimu ya juu. Mjadala juu ya nyumba hizo huhusu zaidi diploma: ipi ni sawa na ipi, nani aitwe nani. Mara chache tumesikia mjadala juu ya saa. Na hali saa zipo, zimeandikwa katika karatasi mbili zisizoonana: ratiba ya masomo iliyobandikwa shuleni, na orodha ya zamu iliyobandikwa wodini. Mwanafunzi aliye kwenye stage huisoma ya pili kwanza.

Tumeanza na maneno, na liko moja jingine ambalo msikilizaji wa Kiswahili cha miji yetu hawezi kulikosa. Mwanafunzi wa uuguzi anayefanya zamu ya usiku husema yuko ku garde. Mama aliyekuja na mgonjwa wake, akatandika mkeka chini ya kitanda, akampikia, akamwogesha na kwenda kumnunulia dawa, huyo naye ni garde-malade. Usiku, kitanda kimoja kina garde wawili. Mmoja anauguza kwa undugu, mwingine kwa masomo aliyoyalipia karo, na mara nyingi hakuna hata mmoja wao anayelipwa na hospitali kwa usiku huo.